Aliyecheka kwenye Ubao wa Ijumaa

"Madina, uko peke yako?"

"Niko na madaftari ya Kidato cha Pili. Sema."

"Toka nje kwanza."

Simu ya Madina ilikuwa imekufa sauti ya sikioni, ikabaki kusema kwa kipaza sauti tu. Kila aliyempigia alisikika na chumba kizima cha walimu. Wilkister, mwalimu wa Jiografia, aliyekuwa ameshazoea kupata habari za mapenzi ya Madina na Abdirashid bila kuuliza, akainua macho.

"Toka, dada yangu. Hiyo sauti ya leo si ya kubembeleza."

Madina akatoka, akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa amechoka tangu asubuhi, na kusema kweli, tangu muhula uanze.

"Haya, nimetoka."

"Yule mtu uliyemweka ubaoni Ijumaa. Yule Mama Bustani."

"Ana nini? Nimeshamtoa kundini. Hakuomba radhi."

Abdirashid akashusha sauti.

"Ni hooyo, Madina. Ni mama yangu mzazi."

Madina akaegemea tangi. Bati lilikuwa la moto, lakini hakuondoka.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie habari ya hilo kundi. Ni kundi la mtandaoni la wapenzi wa waridi la jangwa, ule mmea wenye shina nene lililovimba chini na maua mekundu juu, unaoota wenyewe huko porini kuelekea Wajir na ambao siku hizi watu wanaupanda kwenye vyungu na kuulea kama mtoto. Madina ndiye msimamizi wake. Na kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Hola aliyeletwa Garissa kikazi, kundi lilikuwa na sheria kuliko mahakama. Salamu kwanza, kisha picha, kisha swali. Kiswahili sanifu. Hakuna Sheng, hakuna kukata maneno. Na kila Ijumaa baada ya alasiri palikuwa na Ubao: ujumbe uliovurugika kuliko wote wiki hiyo uliwekwa mbele ya watu na kupigwa mistari myekundu, wanakundi wakacheka weee, na mwenyewe akatakiwa kuandika "Nimekosa, nimesahihishwa" ndipo aruhusiwe kusema tena. Asipoandika, hutolewa. Watu waliupenda huo Ubao kuliko hata maua yenyewe.

Ijumaa iliyopita zamu ilimwangukia mgeni mmoja. Alikuwa ameandika hivi:

"Salaam alekum watu ya maua. Mimi mgeni. Mimi nabenda maua sana. Waridi yangu nakunywa maji kila siku lakini tumbo yake naoza. Mama mwalimu saidia mimi."

Madina alikuwa ametoka kusahihisha insha za darasa zima, kichwa kinamgonga. Akaupiga ule ujumbe mistari myekundu mpaka ukawa kama umechinjwa, akaandika chini: "Hapa limepona neno 'maua' peke yake." Watu wakafa kwa kicheko. Na aliyewamaliza kabisa alikuwa mmoja anayejiita Kijana wa Tana: "Huo mti upewe dawa ya minyoo, na mwenyewe arudishwe chekechea." Madina akampa moyo mwekundu.

Kijana wa Tana alikuwa Abdirashid.

"Wewe uliandika," Madina akaanza.

"Najua nilichoandika. Nimekifuta."

"Hukumjua?"

"Ningemjua vipi? Jina hilo amefunguliwa na binamu yangu Kaaha. Hooyo hata hakuniambia. Alitaka kukuona ulivyo kabla ya wazee kuja kwenu. Si unajua mama zetu, lazima wachunguze."

"Ya Rabi."

"Kaaha ndiye aliyemsomea majibu. Sasa anasema safari ya Hola haipo. Anasema hawezi kupeleka wazee kuposa nyumba inayomcheka."

Jumamosi hiyo wazee wa Abdirashid walikuwa wafike Hola kumposa. Mama yake alikuwa ameshanunua mchele na kuwaalika majirani. Asubuhi ile ile alikuwa amemwandikia: "Mwanangu mbuzi wawili watatosha ama? Hao watu wanakula nyama sana. Nimefurahi mpaka presha imeshuka."

"Umemwambia nini?" Madina akauliza.

"Nimemwambia wewe ndiye msimamizi wa kundi. Kwamba hukujua."

"Na wewe? Umemwambia ulicheka?"

"Madina..."

"Nakuuliza tu."

"Mimi ni mtoto wake wa pekee. Wewe akikukasirikia, wewe ni mtu mgeni, atasamehe, yataisha. Lakini akijua mimi ndiye nilimwambia arudi chekechea, itamuua. Nakuomba. Nenda kwake leo baada ya alasiri, umwombe radhi, usinitaje. Tukishaoana tutacheka haya mambo."

"Tutacheka tena?"

"Mwalimu wangu, tafadhali."

Alipomwita mwalimu wangu, Madina akalegea. Ndivyo alivyomwita tangu mwanzo. Abdirashid aliingia kundini na ujumbe wa Sheng tupu, "Niaje wasee, rose yangu imeanza kuzingua", akawekwa ubaoni Ijumaa ile ile. Wengine wote huwekwa wakanuna. Yeye alimwandikia Madina faraghani: "Nimekosa, nimesahihishwa. Sasa naomba nisahihishwe kila siku." Akawa anakosea makusudi. Akishaandika upuuzi anangoja, naye Madina anamsahihisha huku anatabasamu peke yake chumbani kwake kule mtaa wa Iftin. Kisha siku moja akamletea mche wa waridi mpaka langoni pa shule, umefungwa kwenye gunia, na maziwa ya ngamia juu yake. Wanaume wanaojicheka wenyewe ni wachache. Madina alimpenda kwa hilo, na alimpenda sana.

"Sawa," akasema. "Nitaenda."

"Allah akulipe. Wewe ni mke kabla ya ndoa."

Aliporudi ndani, Wilkister alikuwa anamngoja na kikombe cha chai.

"Kuna nini?"

Madina akamweleza. Wilkister akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo mmecheka wawili, na unaenda kupiga magoti peke yako."

"Ni mama yake, Wilki."

"Haya basi ni mama yake, si angeenda yeye? Ama mimi ndio sielewi hii hesabu?"

"Nimechoka kubishana. Acha niende yaishe."

Kabla ya kutoka shuleni alifungua kundi akaandika: "Ubao wa Ijumaa umefungwa, na hautarudi. Niliyemweka wiki iliyopita ni mtu mzima aliyesalimia na kuuliza kwa adabu. Adabu ilinishinda mimi. Namwomba radhi mbele yenu." Majibu yakamiminika. Bwana mmoja wa Thika anayeitwa Peterson, ambaye hajawahi kuotesha hata kitunguu, akalalamika: "Mwalimu umelainika. Kesho watu wataanza kuandika xaxa na hakuna wa kuwazuia." Mwingine akauliza kwani sasa Ijumaa watafanya nini. Madina akaizima simu, na ilipofika alasiri akaiwasha tena, akaswali, akaenda mtaa wa Galbet.

Nyumba ya Weris, mama yake Abdirashid, ilikuwa ya lango la bati la kijani. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua, mrefu, mkavu, shungi limemfunika mpaka magotini. Alimtazama Madina kwa muda.

"Assalamu alaykum, mama."

"Wa alaykum salaam. Wewe ndiye mwalimu."

"Ndiye mimi, mama."

"Ingia. Mgeni hapana simama mlangoni."

Waliketi kwenye mkeka barazani. Vyungu vya waridi la jangwa vilipangwa ukutani, na Madina, bila kufikiri, mkono ukamwenda kwenye kimoja. Shina lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva.

"Maji yamezidi, mama. Huu ukiwa mkavu ndio unafurahi. Kata hapa palipooza, uache jeraha likauke kabla ya kuupanda tena."

"Kumbe ni hiyo tu," Weris akasema. "Hiyo tu ndio mimi nauliza."

Madina akaurudisha mkono, akaona haya mpaka masikio.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikosa. Ulikuja na salamu, ukaniita mama, nikakuweka mbele ya watu wakucheke. Sina kisingizio."

Weris akamimina chai ya maziwa taratibu, akamsogezea kikombe.

"Wewe najua kwa nini mimi naingia hapo?"

"Ulitaka kunichunguza."

"Hiyo kidogo. Kuna ingine." Akatazama vyungu vyake. "Abdirashid nasema wewe hapana jua Kisomali. Mimi Kiswahili yangu ya sokoni. Mimi nafikiri, huyu msichana atakuja hapa, tutakaa mimi na yeye siku yote, tutaongea nini? Sasa mimi naambia Kaaha, weka mimi bahali watu naandika Kiswahili. Mimi najifunza bole bole. Akija, mimi najua kuongea na yeye fizuri."

Madina hakuweza kunywa ile chai. Alikuwa amesahihisha maelfu ya sentensi maishani mwake, na ile moja iliyoandikwa kwa ajili yake hakuitambua.

"Nisamehe, mama."

"Wewe nakuja mwenyewe. Hiyo naona." Weris akakunja shungi. "Lakini iko mtu moja. Yule nasema mimi narudi chekechea. Wewe najua yeye?"

Swali lilikuja kwa upole, na upole wake ndio uliomtesa Madina. Angesema jina, lingetoka mara moja, na mzigo ungekaa panapostahili. Akamkumbuka Abdirashid akimwita mwalimu wangu.

"Mlango niliufungua mimi, mama. Walioingia wote wakacheka ni wageni wangu. Niwekee mimi."

"Mimi hapana uliza mlango. Mimi nauliza mtu."

"Niwekee mimi, mama. Tafadhali."

Weris alimtazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kabla hajasema neno, simu ya Madina ikalia mkekani katikati yao. Picha ya Abdirashid ikajaa kiooni, amecheka, kofia imekaa upande.

"Ni mtoto yangu. Shika," Weris akasema. "Ambia yeye akuje kula."

Madina aliikata. Ikalia tena.

"Shika, hooyo. Kwani naogopa nini?"

Madina akaishika.

"Abdirashid, niko kwa..."

"Sikiliza kwanza, niko na wateja dukani, nina haraka," sauti ya Abdirashid ikatoka ikajaa baraza zima. "Umeshatoka kwake? Umemwambia ni wewe peke yako, sivyo?"

"Abdirashid, nyamaza."

"Hapana, ni muhimu. Akikuuliza habari ya chekechea, sema aliyeandika ni mtu wa Nairobi. Usije ukanitaja, walahi. Na mjomba wangu, abti Abkul, akikupigia, usishangae. Nimemwambia kila kitu kilikuwa chako, kwamba hiyo ndiyo tabia yako, una ulimi, lakini nimekuonya na umekubali kuacha. Amesema msichana akishakiri, basi, wazee watakwenda. Kwa hiyo wewe kubali tu. Mwalimu wangu? Unanisikia?"

Madina alikuwa anaitazama ile simu. Vidole havikumtii kuizima.

"Abdirashid, hooyo," Weris akasema. Ndivyo mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe, kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Funga duka. Kuja nyumbani."

Simu ikakatika.

Wakakaa wawili hao wakingoja. Madina aliomba kuondoka, Weris akakataa kwa kutikisa kichwa. Mbuzi wa jirani alikuja akanusa chungu kimoja, Weris akamfukuza kwa kandambili, akarudi kuketi.

Duka la dawa za mifugo la Abdirashid halikuwa mbali. Aliingia amelowa jasho, akavua viatu, akapiga goti mbele ya mama yake kabla ya kumtazama Madina.

"Hooyo, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Kama ni mama ya mtu mwingine, ni sawa?"

Abdirashid akainamisha kichwa.

"Si sawa, hooyo."

"Mimi nasamehe wewe," Weris akasema. "Kwisha. Mimi ni mama, hiyo ni kazi yangu tangu wewe nazaliwa. Lakini huyu si mama yako. Huyu uliza yeye mwenyewe."

Abdirashid akamgeukia Madina. Macho yalikuwa mekundu, na ni kweli alikuwa anaumia, siwezi kumsingizia.

"Madina, nilikosa."

"Wapi?"

"Kucheka."

"Kucheka tulicheka wote. Hilo ni letu sisi wawili, nimeshaliomba radhi. Wapi kwingine?"

"Kwa abti."

"Ulimwambia nina ulimi. Kwamba umenionya."

"Niliogopa wasiende Hola! Nilitaka wakupose, Madina. Yote hii nilifanya kwa sababu nakutaka."

"Najua unanitaka."

"Basi?"

"Leo mchana uliniomba nisimame mbele yako, nikasimama. Sikukuuliza mara mbili. Ningesimama mpaka kesho, hata mama aliponiuliza jina lako sikulitoa. Na wakati huo huo wewe ulikuwa unanisema kwa wazee."

"Neno moja tu, mpenzi. Lingepita."

"Lingepita kwako. Mimi ningeingia ukoo wenu nikiwa yule msichana mwenye ulimi aliyeonywa. Kila likitokea jambo, wangekumbuka. Na wewe ungewaacha wakumbuke."

"Nitakwenda kwa abti sasa hivi. Nitamwambia ukweli."

"Kwa sababu umesikika."

Abdirashid alimtazama mama yake, kama mtoto anavyotazama, na mama yake alikuwa anatazama vyungu.

"Una hasira," akasema mwishowe. "Nikupe muda. Hata wiki."

"Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningekuwa napiga kelele." Sauti ya Madina ilikuwa ya mtu aliyeshinda amesimama. "Nimechoka, Abdirashid. Mchana nasahihisha watoto wa watu, jioni nasahihisha kundi. Nilidhani nyumbani kwangu nitapumzika. Nikikuwaza wewe miaka ijayo, nakuona umejificha nyuma yangu, na mimi nimesimama mlangoni naongea na watu. Sitaki. Nakupenda na sitaki. Wazee wasije Jumamosi."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

"Unajua watu watasema nini?" Abdirashid akasimama. "Hapa na huko Hola! Posa ikivunjika hakuna anayemuuliza mwanamume. Watasema umekataliwa. Watasema familia ilichunguza ikakuta kitu. Fikiria mama yako, Madina. Ameshawaambia majirani."

Hapo alimpata. Madina alimwona mama yake na ule mchele, na mbuzi wawili wamefungwa uani, na majirani wanaulizana kwa sauti za chini. Aliuma mdomo. Kwa muda mfupi alitaka kurudisha maneno yake, akubali, aje aishi na huo ulimi aliopewa.

Weris akanyoosha mkono, akachukua simu yake ya vitufe kutoka chini ya mto.

"Hooyo, unampigia nani?"

Weris akabonyeza, akaiweka sikioni, akasalimiana na kaka yake Abkul kwa Kisomali, hali, watoto, mvua, mifugo, kama adabu inavyotaka. Kisha akamtazama Madina usoni, na makusudi akageuza Kiswahili.

"Abkul, walaal, sikiza mimi. Safari ya Hola hakuna."

Sauti ikauliza kitu upande wa pili, kwa Kisomali.

"Hapana, msichana hapana kosa. Yale maneno Abdirashid naambia wewe ni uwongo. Yeye mwenyewe nacheka mama yake, halafu nachukua kosa naweka juu ya msichana. Sasa msichana nakataa yeye. Ndiyo. Yeye ndiye nakataa. Sisi ndio nakataliwa."

Abdirashid akasema, "Hooyo, basi, jamani," lakini kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemsikiliza.

Sauti ya Abkul ikapanda. Ilisikika wazi ikimhimiza dada yake aseme Kisomali, kwa nini anajitesa na Kiswahili.

"Nataka yeye nasikia," Weris akasema. "Na wewe nataka ujue kusema fizuri, kwa sababu wewe ndiye utabigia mama yake Hola. Leo, si kesho. Sema kosa ni ya nyumba ya Weris. Watu wakiuliza wewe, sema hifyo hifyo. Rudia, nasikia wewe."

Madina hakuwa amelia mchana kutwa, wala aliposikia ile sauti kwenye simu. Sasa alilia, pale pale mkekani, kikombe cha chai kimepoa mbele yake, na Weris akaendelea kumrudisha kaka yake nyuma, neno kwa neno, mpaka alipohakikisha ameyashika yote.